Matthäus Schwarz, mhasibu aliyeweka hesabu ya nguo zake kwa miaka 40

WAPO watu Ulaya na Marekani ambao siku zao za mapumziko huzitumia kushona nguo za miaka 500 iliyopita. Hununua kitani, sufu na hariri, hukata kwa vipimo vya zamani, hushona kwa mkono bila cherehani, na baadhi yao hujitengenezea hata viatu. Huko Berkeley, California, chama cha watu wa aina hiyo kilianzishwa mwaka 1966, na leo kina wanachama katika nchi nyingi.

Shida yao kubwa ni ushahidi. Nguo huliwa na nondo, huoza, au hukatwa upya ili kuwavisha watoto. Picha za zamani zipo, lakini nyingi zinaonyesha wafalme na matajiri wakiwa wamekaa mbele ya mchoraji, tena mara moja au mbili tu katika maisha yao. Mtu anayetaka kujua mfanyakazi wa ofisi alivaa nini siku ya kazi, siku ya harusi ya bosi, siku ya msiba au siku ya baridi, hapati jibu kwao.

Jibu hilo alilitoa mhasibu wa kampuni ya biashara, Matthäus Schwarz wa mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani. Kwa miaka 40 alilipa wachoraji wamchore akiwa amevaa nguo zake, na chini au juu ya kila picha akaandika tarehe, umri wake, kitambaa na tukio. Picha zilifika 137. Ni daftari la hesabu, ila bidhaa iliyomo ni yeye mwenyewe.

Mjukuu wa meya aliyenyongwa

Schwarz alizaliwa Februari 1497. Baba yake, Ulrich, aliuza mvinyo. Babu yake, ambaye pia aliitwa Ulrich, alitoka katika chama cha maseremala na akapanda hadi kuwa meya wa Augsburg. Alijikusanyia madaraka mengi na maadui wengi. Mwaka 1478 maadui hao walimwangusha, akashtakiwa na kunyongwa. Kwa hiyo mtoto alizaliwa miaka 19 baadaye katika nyumba yenye fedha, ila yenye jina ambalo kila mtu mjini alilikumbuka.

Augsburg ulikuwa mji wa wafumaji. Pamba ilitoka nchi za mashariki ya bahari ya Mediterania, ikapita Venice, ikavushwa milima ya Alps kwa wanyama wa mizigo. Mjini ilichanganywa na kitani cha wenyeji na kufumwa kitambaa kizito, imara na cha bei nafuu kuliko hariri. Mwaka 1367 mfumaji mmoja wa kijijini, Hans Fugger, alihamia mji huo kutafuta riziki. Mjukuu wake, Jakob Fugger, aliyezaliwa 1459, ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa watu matajiri kuliko wote Ulaya. Alifanya biashara ya vitambaa, viungo, fedha na shaba, na aliwakopesha wafalme.

Kijana wa wakati huo aliyetaka kuwa mfanyabiashara alipelekwa Italia. Schwarz alikwenda mwaka 1514, akiwa na miaka 17, akapita Milan na kufika Venice. Huko wafanyabiashara wa Kijerumani walikuwa na jengo lao karibu na daraja la Rialto. Walitakiwa kulala humo, kuhifadhi mizigo humo na kulipia ushuru humo, chini ya macho ya maofisa wa Venice. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kusubiri gari lake likaguliwe mpakani anaujua utaratibu huo.

Venice ndipo kilipochapishwa, mwaka 1494, kitabu cha mtawa Luca Pacioli kilichoeleza hesabu za maingizo mawili: kila shilingi iandikwe mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na mwisho pande zote mbili zilingane. Schwarz alitafuta mwalimu wa hesabu hizo, akasoma, na mwaka 1516 akarudi nyumbani akijiona mjuzi. Mwaka huohuo akaajiriwa na Jakob Fugger, na hapo akatambua kwamba aliyojifunza Italia yalikuwa kidogo kuliko alivyodhani.

Kabati lenye majina ya miji

Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 21, Schwarz aliandika kitabu chake mwenyewe kuhusu namna tatu za kuweka hesabu. Ndani yake aliwacheka wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakiandika madeni kwenye vipande vya karatasi, wakavibandika ukutani na kupiga hesabu kwenye kizingiti cha dirisha. Kwake, biashara isiyo na daftari ilikuwa biashara ya kubahatisha.

Picha maarufu kuliko zote katika kitabu chake cha nguo inaonyesha ofisi ya Fugger mwaka 1517. Bosi amesimama na mhasibu yuko kwenye meza yenye madaftari. Nyuma yao kuna kabati la droo, na kila droo ina jina la mji: Roma, Venice, Milan, Innsbruck, Nürnberg, Krakow, Antwerp, Lisbon, na Buda ya Hungaria. Barua na hesabu za mawakala wa kila mji ziliwekwa katika droo yake.

Droo ya Lisbon inatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1505, Schwarz akiwa mtoto wa miaka minane, mfalme wa Ureno alituma kundi la meli kwenda India chini ya Francisco de Almeida. Wafanyabiashara wa Ujerumani na Italia waliruhusiwa kuweka mtaji katika meli tatu za msafara huo. Wajerumani waliweka cruzado 36,000. Kati ya hizo, 20,000 zilikuwa za kampuni ya Welser, nayo ya Augsburg, na 4,000 zilikuwa za Fugger.

Julai mwaka huo msafara huo uliiteka na kuipora Kilwa. Agosti ukaiteketeza Mombasa kwa moto na kuipora. Hans Mayr, mwandishi Mjerumani aliyekuwa ndani ya mojawapo ya meli hizo, aliacha maelezo ya safari. Anaeleza jinsi Mombasa ilivyokutwa na shehena kubwa ya vitambaa vya pamba kutoka Cambay, Gujarat, kwa sababu mji huo uliisambazia pwani nzima mavazi. Vitambaa hivyo vilibebwa kama ngawira. Meli zilirudi Ureno na pilipili manga, na wenye mtaji wakagawana faida.

Schwarz hakuwahi kuiona Mombasa, na aliajiriwa miaka 11 baada ya uporaji huo. Lakini hariri aliyovaa ililipwa kwa mshahara wa kampuni iliyokuwa na hisa katika safari hiyo, na anayezitazama picha zake akiwa Mombasa au Kilwa ana haki ya kulijua hilo.

Kitabu cha nguo

Februari 1520, siku alipotimiza miaka 23, Schwarz alianza kazi iliyolihifadhi jina lake. Alimwajiri Narziss Renner, mchoraji kijana wa Augsburg ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 20. Kwanza walirudi nyuma na kuchora maisha yaliyokwisha kupita, jumla ya picha 36. Mojawapo inamwonyesha mama yake akiwa mjamzito, na Schwarz akiwa bado tumboni. Zinafuata picha za mtoto aliyeviringishwa kwa vitambaa, mwanafunzi, na kijana akiwa safarini Italia. Baada ya hapo kila nguo mpya yenye maana ilichorwa ilipovaliwa.

Picha hizo ndogo, zilizochorwa kwa rangi za maji juu ya ngozi laini ya kuandikia, zina mambo ambayo fundi cherehani huyatafuta kwanza. Mshono wa bega uko wapi? Mkono umeunganishwaje? Bitana ni ya rangi gani? Kuna koti moja jeupe la mwaka 1523 ambalo mwenyewe aliandika kuwa lilikuwa na mipasuo 4,800. Kukata kitambaa kizima makusudi ili cha ndani kionekane ilikuwa fasheni kubwa ya Ujerumani wakati huo. Kazi yote hiyo ilikuwa ya kisu na mkono wa fundi, na kosa moja liliharibu kitambaa cha gharama.

Kuna pia mkoba wa umbo la moyo, wa kijani, aliouvaa kiunoni wakati akitafuta mchumba. Kijani kilikuwa rangi ya matumaini. Kuna makoti ya mvua, nguo za kuteleza na farasi kwenye theluji, nguo za kurushia mishale na nguo za matanga.

Miguuni, picha za utu uzima wake zinaonyesha viatu vipana mbele, vifupi, visivyo na kisigino kirefu. Wajerumani waliviita kwa jina la mdomo wa ng'ombe. Kizazi kilichotangulia kilikuwa kimevaa viatu vyenye ncha ndefu iliyochongoka, na karibu na mwaka 1500 fasheni ikageuka kabisa. Wanaotengeneza upya viatu vya enzi zile hushona ngozi ikiwa ndani-nje, kisha huilowanisha na kuigeuza kama soksi, ili mshono ubaki ndani salama. Wengine hufuata njia iliyokuwa mpya wakati wa Schwarz, ya kuongeza ukanda wa ngozi pembeni na kushonea soli juu yake. Soli ikiisha, hubadilishwa bila kutupa kiatu, na mafundi viatu hadi leo hutumia njia ya ukoo huohuo.

Nguo, sheria na imani ya wateja

Kwa nini mhasibu atumie fedha nyingi hivyo kwa mavazi? Sehemu ya jibu ni ujana na majivuno, na picha hazifichi. Sehemu nyingine ni biashara. Fugger aliishi kwa kukopesha na kukopa. Uchaguzi wa mwaka 1519 uliompa Charles wa Tano cheo cha Kaizari uligharimu gulden zipatazo 850,000, na zaidi ya nusu zilitoka kwa Fugger. Mtu aliyeshika daftari la nyumba kama hiyo alitazamwa na kila mdai na kila mdaiwa. Nguo iliyochakaa ingeweza kuanzisha uvumi kwamba kampuni imeishiwa. Na kwa mjukuu wa meya aliyenyongwa, kuaminika kulikuwa mtaji wa kujengwa upya.

Lakini kuvaa kupita kiasi nako kulikuwa na hatari. Ulaya ya wakati huo ilikuwa na sheria zilizosema nani avae nini, ili kwa kumtazama mtu ujue cheo chake. Mwaka 1530 baraza kuu la dola ya Ujerumani lilikutana hapohapo Augsburg, na miongoni mwa maamuzi yake likatoa sheria iliyogawa mavazi kwa matabaka, kuanzia mkulima hadi mtukufu. Schwarz hakuwa mtukufu. Kila koti alilolishonesha lilikuwa limepimwa mara mbili, mwilini mwake na kwenye sheria.

Mwaka huohuo alishona vazi lake linalojulikana kuliko yote. Kaizari Charles na ndugu yake Ferdinand walikuwa wanakuja mjini. Schwarz alijipunguza mwili kwa ajili ya siku hizo, akavaa nyekundu na njano kutoka juu hadi chini, akitaka macho ya wakubwa yamwone na yafurahi. Miaka 11 baadaye, 1541, Kaizari alimpandisha na kumfanya mtukufu. Jina la Schwarz lililoanguka 1478 lilikuwa limesimama tena.

Hesabu isiyofichwa

Kinachowafanya wataalamu wamwamini ni kwamba aliandika pia yasiyomfurahisha. Jakob Fugger alifariki mwishoni mwa Desemba 1525. Katikati ya mwaka uliofuata, akiwa na miaka 29, Schwarz aliagiza achorwe uchi kabisa, mbele na nyuma, na akaandika kwamba amenenepa. Kwa Ulaya ya karne ile, mtu wa kawaida kuagiza picha yake ya namna hiyo ni jambo la nadra mno. Ni kama mfanyabiashara anayefunga duka mwisho wa mwaka na kuhesabu mzigo wote, uliouzika na uliododa, bila kujidanganya.

Kampuni nayo ilifanya hesabu kama hiyo chini ya Anton Fugger, mpwa wa Jakob aliyemrithi. Hesabu ya mwaka 1527 ilionyesha mali ya gulden zipatazo milioni 3, na madeni yapatayo 868,000.

Schwarz alioa mwaka 1538, akiwa na miaka 41. Mkewe aliitwa Barbara Mangolt. Tangu hapo picha zinapungua na rangi zinatulia. Mwaka 1542 mchoraji Christoph Amberger aliwachora mume na mke, kila mmoja peke yake, na picha ya mume sasa iko Madrid. Renner, mchoraji wa ujana wake, alikuwa amekwisha kufariki.

Alipofikia takriban miaka 50 alipatwa na kiharusi. Kitabu hakikufungwa. Picha zilizofuata zinamwonyesha mtu mgonjwa, baadaye mtu anayejikongoja, mkono wake ukiwa umefungwa kwa kitambaa. Nguo zimekuwa pana na nyeusi. Hakuna tena mipasuo wala mkoba wa moyo.

Picha ya mwisho ni ya Septemba 1560. Anton Fugger alikuwa amefariki, na mhasibu wake, mwenye miaka 63, amevaa nguo za msiba. Alianza kitabu akiwa kijana anayetaka kuonekana, akakifunga akimlilia mwajiri wake. Aliishi hadi karibu na mwaka 1574.

Alijaribu kumrithisha mwanawe, Veit Konrad, aliyezaliwa 1541. Kijana alianza kitabu chake cha nguo mwaka 1560, kikafikia picha 41, na mwaka uliofuata akaacha. Kitabu kingine ambacho Schwarz aliandika kuhusu ujana wake kimepotea. Kilichobaki ni hiki cha nguo, na leo kinahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Herzog Anton Ulrich mjini Braunschweig, Ujerumani.

Vazi la 1530 lashonwa tena

Mwanahistoria Ulinka Rublack wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipokichunguza kitabu hicho, aliona kwamba kutazama picha hakutoshi. Jenny Tiramani, mbunifu wa Uingereza aliyejulikana kwa mavazi ya tamthilia za Shakespeare, alikubali kulishona upya vazi jekundu na njano la 1530. Kazi ilifanywa kwa mkono, kwa vifaa vilivyokaribiana kadiri ilivyowezekana na vya wakati ule. Mwaka 2015 picha zote za baba na mwana zilichapishwa kwa Kiingereza pamoja na maelezo ya ushonaji huo, na tangu hapo mtu yeyote mwenye sindano na subira anaweza kujaribu.

Anayejaribu hukutana na mambo ambayo picha haisemi. Koti la wakati ule lilibana kifua na mgongo, hivyo mvaaji hulazimika kusimama wima. Suruali haikushikiliwa na mkanda. Ilifungwa kwenye koti kwa kamba nyingi zilizopitishwa kwenye matundu, kamba zenye ncha za chuma kama za viatu vyetu. Nyingine ziko mgongoni, kwa hiyo mtu hawezi kujivisha peke yake. Nyuma ya Schwarz anayeng'aa barabarani kulikuwa na mtumishi aliyemfunga kamba, fundi aliyekata, mpaka rangi aliyechemsha mimea kupata njano na nyekundu, na mfumaji wa Augsburg ambaye jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote.

Anayeshona leo kwa kumfuata Schwarz anajua angalau tarehe ya vazi, umri wa mvaaji na aina ya kitambaa, kwa sababu mhasibu yule aliviandika siku ileile. Wafalme wengi wa zama zake hawakuacha kumbukumbu ya nguo zao iliyokamilika kiasi hicho.